Cuba: Mgao unapopungua, usawa nao unatoweka

Mgeni anayetaka kuyaelewa maisha ya kila siku nchini Cuba hana haja ya kuanza na hotuba za viongozi wala na kuta zilizochorwa sura za mashujaa wa mapinduzi. Aanze na foleni. Mbele ya duka la mtaa, benki, duka la dawa au kituo cha basi, anayefika huuliza kwa sauti swali moja: nani wa mwisho? Mtu mmoja huinua mkono. Aliyeuliza huikumbuka sura hiyo, huuliza pia ni nani aliyemtangulia huyo, kisha yuko huru kwenda kuketi kivulini. Hakuna mstari unaoonekana, na mara nyingi hakuna kusukumana. Kila mtu anajua zamu yake, na anajua kwamba wenzake wanaijua.

Utaratibu huo umedumu kwa zaidi ya miaka 60 kwa sababu ulijengwa juu ya ahadi: kwamba kila aliye kwenye foleni atapata, na kwamba atapata sawa na mwenzake. Ahadi hiyo ndiyo inayovunjika sasa. Foleni ipo, lakini kinachogawiwa mwisho wake kimekuwa kidogo mno, na kando yake umefunguliwa mlango mwingine ambao hauna foleni, mlango wa wenye dola. Wacuba wameshapitia dhiki kubwa zaidi ya mara moja. Safari hii tofauti ni kwamba dhiki haiwapati wote kwa kipimo kimoja, na wenyewe wanaliona hilo kila wanapotoka nje.

Kitabu kidogo chenye historia ndefu

Kila familia ya Cuba ina kitabu kidogo cha karatasi kiitwacho libreta. Kilianzishwa Machi 1962, miaka mitatu baada ya Fidel Castro kuingia madarakani na majuma machache baada ya Rais John F. Kennedy wa Marekani kutangaza vikwazo kamili vya biashara dhidi ya kisiwa hicho. Familia hupeleka kitabu chake katika duka la mgao la mtaa iliyoandikishwa, na muuzaji huandika kwa kalamu kilichotolewa. Duka lenyewe, ambalo Wacuba huliita bodega, huwa na kaunta, mizani, na ubao ulioandikwa kwa chaki bidhaa zilizofika na bei zake.

Kwa miongo kadhaa kitabu hicho kilimhakikishia kila mtu mchele wa takriban pauni saba kwa mwezi, pamoja na maharage, sukari, mafuta ya kupikia, mayai, kahawa na sabuni, kwa bei ndogo mno. Mtoto wa hadi umri wa miaka saba alikuwa na haki ya kupata maziwa kila siku. Mgao haukumtosha mtu kwa mwezi mzima, na Wacuba wenyewe wamekuwa wakiufanyia mzaha kwa miaka mingi. Hata hivyo, daktari bingwa wa upasuaji na mfagiaji wa barabara walibeba kitabu cha namna moja, na jambo hilo lilikuwa na uzito wake katika nchi iliyojengwa juu ya mashamba ya miwa na kumbukumbu ya utumwa.

Nilipopita katika maduka ya mgao ya mtaa wa Centro Habana, rafu nyingi zilikuwa tupu. Palikuwa na sukari kidogo, palikuwa na sigara, na ubao wa chaki ulitaja mchele ambao haujafika. Hali hiyo si ya duka moja wala ya mwezi mmoja. Februari 2024 serikali ililiomba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, msaada wa maziwa ya unga kwa ajili ya watoto wadogo, hatua ambayo isingefikirika katika miaka ya Castro mwenyewe. Septemba mwaka huohuo, mkate wa mgao, ambao ni mmoja kwa mtu kwa siku, ulipunguzwa kutoka gramu 80 hadi gramu 60 kwa sababu ya uhaba wa unga wa ngano.

Hata sukari imekuwa bidhaa ya kuagiza. Nchi iliyozalisha takriban tani milioni 8.5 za sukari mwaka 1970 ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa na chini ya tani 200,000, kiasi kisichotosha hata mahitaji ya wananchi wake. Mtu anayesafiri kwa barabara kutoka Havana kuelekea mashariki hupita kando ya mabomba marefu ya viwanda vya sukari ambayo hayatoi tena moshi. Takriban nusu ya viwanda hivyo vilifungwa kwa uamuzi wa serikali mwaka 2002, na vingi vilivyobaki vimesimama kwa kukosa vipuri, mafuta na miwa yenyewe.

Peso kwa mshahara, dola kwa chakula

Januari 1, 2021, Cuba iliiondoa sarafu yake ya pili, iliyokuwa na thamani sawa na dola, na kubaki na peso moja kwa viwango rasmi vya peso 24 kwa dola. Mishahara ilipandishwa na kima cha chini kikawa peso 2,100 kwa mwezi. Lengo lilikuwa kuusafisha uchumi uliokuwa umejaa hesabu zisizolingana. Lakini mageuzi hayo yalikuja wakati utalii ulikuwa umesimama kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19 na bidhaa zilikuwa haba. Fedha ziliongezeka mikononi mwa watu huku vitu vya kununua vikipungua, na bei zikapaa. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025, dola moja ilikuwa ikiuzwa mitaani kwa zaidi ya peso 400.

Athari yake huonekana katika hesabu ya chakula cha nyumbani. Trei moja ya mayai 30 imekuwa ikiuzwa kwa takriban peso 3,000. Kwa muda mrefu kima cha chini cha pensheni kilikuwa peso 1,528 kwa mwezi. Mzee aliyefundisha shule kwa miaka 40, akipokea pensheni hiyo na kununua mayai tu, angepata nusu trei na kumaliza fedha zake zote. Mfanyakazi wa serikali anayepata mshahara wa wastani, takriban peso 6,000, angeondoka na trei mbili.

Hata hivyo chakula kipo. Tangu serikali iliporuhusu kampuni binafsi ndogo na za kati mwaka 2021, maelfu ya maduka yamefunguliwa katika kumbi za mbele za nyumba na katika vyumba vilivyokuwa vya kuegesha magari. Humo mna mchele, mafuta ya kupikia, tambi, bia, sabuni na kuku waliogandishwa. Sehemu kubwa ya kuku hao, kwa mshangao wa mgeni, hutoka Marekani, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inaruhusu kuiuzia Cuba vyakula iwapo malipo yanafanywa kwanza. Kisha kuna maduka ya serikali yenyewe yanayouza kwa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2025 lilifunguliwa moja kubwa katika mtaa wa Miramar, lenye rafu zilizojaa, ambalo hupokea dola.

Swali basi ni nani mwenye dola. Anazo mwenye ndugu Miami, Madrid au Tampa. Anazo mwenye chumba cha kumpangisha mtalii, dereva wa teksi na mhudumu wa hoteli anayepewa bahashishi. Mwalimu, muuguzi na mstaafu asiye na mtoto ng'ambo hawana. Msomi wa Cuba atakuambia bila kuficha kwamba elimu, iliyokuwa fahari ya mapinduzi tangu kampeni ya kufuta ujinga ya mwaka 1961, si tena njia ya mtu kujikimu. Nyumba mbili zinazopakana ukuta, zenye vitabu vya mgao vinavyofanana, zinaweza kuwa na jioni zisizofanana kabisa: moja inakaanga kuku, nyingine inagawana mkate wa gramu 60.

Katika mtaa wa Vedado tofauti hiyo imesimama kwa zege. Hapo lipo bustani maarufu la Coppelia, lililofunguliwa mwaka 1966 ili mwananchi wa kawaida ale aiskrimu kwa bei ya chini. Foleni yake ingalipo, ingawa ladha za kuchagua mara nyingi huwa moja au mbili. Karibu nalo limeinuka jengo jipya la hoteli la ghorofa 42, refu kuliko yote jijini, lililofunguliwa mwaka 2025 na kumilikiwa na tawi la utalii la shirika la kibiashara la jeshi. Idadi ya watalii ilikuwa milioni 4.7 mwaka 2018. Mwaka 2024 walifika milioni 2.2 tu.

Mgao mwingine, wa umeme

Kiswahili hutumia neno moja, mgao, kwa chakula kinachogawanywa na kwa umeme unaokatwa kwa zamu. Sisi tunaofasiri habari za mashirika ya kigeni hulazimika mara nyingi kueleza ni mgao upi. Kwa Cuba maelezo hayo ni shida kuyatoa, kwa sababu mmoja umeingia ndani ya mwingine.

Oktoba 18, 2024, mtambo mkubwa wa Antonio Guiteras mkoani Matanzas ulizimika na gridi yote ya taifa ikaanguka. Watu karibu milioni 10 walibaki gizani, na kabla ya umeme kurejea kila mahali kimbunga Oscar kilipiga mashariki mwa kisiwa. Gridi ilianguka tena Novemba baada ya kimbunga Rafael, kisha Desemba, kisha Machi 2025, na tena Septemba 2025. Hizo ni mara tano katika muda usiotimia mwaka. Kati ya matukio hayo makubwa, ukataji wa kila siku umekuwa jambo la kawaida. Mjini Havana unaweza kuwa wa saa nne au zaidi. Mikoani umefika saa 16 hadi 20 kwa siku.

Saa za nyumba zimegeuka. Umeme unaporudi saa nane usiku, taa zinawaka madirishani na mtaa mzima unaamka. Mmoja anapika wali wa kesho, mwingine anafua, mwingine anapandisha maji kwenye tangi kwa pampu, kwa kuwa bila umeme hakuna maji pia. Simu na feni za betri zinachomekwa. Nyama, ikiwa ipo, inapikwa yote kwa mpigo kwa sababu jokofu haliaminiki. Mkaa na kuni vimerudi katika miji ambayo vijana wake hawakuwahi kuwasha jiko la namna hiyo. Asubuhi mtoto anakwenda shule akiwa na usingizi, na mama anakwenda kazini akiwa amelala saa tatu.

Sababu za kiufundi zinajulikana. Mitambo mikubwa ina umri wa zaidi ya miaka 40 na huchoma mafuta mazito ya nchini yenye salfa nyingi, yanayoila mitambo yenyewe. Mafuta kutoka Venezuela, ambayo katika miaka ya neema yalikaribia mapipa 100,000 kwa siku, yamepungua sana. Serikali imeharakisha ujenzi wa vituo vya umeme wa jua kwa msaada wa China, ikipanga vituo 55 kwa mwaka 2025, na baadhi vimekwishaanza kazi. Tatizo ni kwamba jua hushuka jioni, saa ileile ambayo familia huwasha majiko, na betri za kuhifadhi umeme ni chache.

Giza hilo lina uzito wa kisiasa. Machi 17, 2024, wakazi wa Santiago de Cuba waliingia barabarani wakidai vitu viwili tu: umeme na chakula. Waliofuatilia habari walikumbuka Julai 11, 2021, siku ya maandamano makubwa zaidi tangu mapinduzi, ambayo zaidi ya watu 1,000 walikamatwa na mamia kufungwa, baadhi kwa miaka mingi. Wacuba wengi huzungumza na mgeni kwa uwazi kuhusu bei na giza. Kuhusu magereza hupunguza sauti.

Kazi ya kubangaiza

Lipo neno la Kihispania, resolver, ambalo kamusi itakufasiria kuwa ni kutatua. Kinywani mwa Mcuba lina maana iliyo karibu zaidi na kubangaiza: kupata kisichopatikana, kwa njia yoyote iliyopo, bila kuuliza sana kimetoka wapi. Mtu anabangaiza dawa ya shinikizo la damu kwa jirani anayerejea kutoka ng'ambo. Anabangaiza tairi, saruji, miwani. Fundi huliweka injini ya dizeli gari la Kimarekani la kabla ya 1959 na kulifanya teksi ya kuchangia. Watalii hulipiga picha kama kumbukumbu ya zamani. Kwa mwenyewe ni mradi unaolisha familia.

Ubunifu huo hupendeza macho na waandishi wengi wa safari wameusifu. Kuna gharama ambayo sifa hizo huificha. Saa zinazotumika kutafuta mafuta ya kupikia haziwezi kutumika kufundisha, kutibu wala kulima. Mhandisi aliyeacha kiwanda ili auze piza dirishani anapata zaidi, lakini nchi imempoteza mhandisi. Na kitu kinachobangaizwa mara nyingi kimechepushwa kutoka ghala la serikali, jambo linalolifanya ghala hilo kuwa tupu zaidi kwa anayesubiri kwa kitabu chake.

Jioni, pamoja na yote hayo, mtaa una uhai. Wazee huweka meza ndogo njiani na kucheza dhumna kwa kelele, mchezo ambao mtu wa Unguja au Lamu angeutambua papo hapo, ingawa Havana huchezwa kwa vipande vinavyofika tisa-tisa. Watu huketi mlangoni kwa kuwa ndani ni joto. Kahawa ya mgao, iliyochanganywa na njegere zilizokaangwa, hutolewa kwa mgeni katika kikombe kidogo, na kuikataa ni kukosa adabu. Usalama barabarani bado ni mzuri ukilinganisha na miji mingi ya eneo hilo, ijapokuwa wenyeji wanasema wizi umeongezeka tangu taa zianze kuzimwa.

Lawama ziende wapi?

Serikali mjini Havana hujibu swali hilo kwa neno moja: vikwazo. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Sheria za Marekani za 1992 na 1996 huibana hata meli ya nchi ya tatu: ikitia nanga Cuba kwa biashara, hairuhusiwi kuingia bandari za Marekani kwa siku 180. Benki nyingi za dunia hukataa malipo yanayoihusu Cuba kwa sababu iko katika orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Rais Joe Biden aliiondoa katika orodha hiyo Januari 14, 2025. Donald Trump aliirudisha Januari 20, siku alipoapishwa. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa hupiga kura kila mwaka kupinga vikwazo hivyo. Oktoba 2025 nchi 165 ziliunga mkono azimio hilo na saba zilipinga, uungaji mkono mkubwa bado, lakini pungufu ya kura 187 za mwaka mmoja kabla.

Hata hivyo, vikwazo havielezi yote. Havielezi kwa nini, kwa mujibu wa takwimu za serikali yenyewe, uwekezaji katika hoteli na majengo umekuwa mara nyingi zaidi ya ule wa kilimo, katika nchi inayoagiza sehemu kubwa ya chakula chake. Havielezi kwa nini mkulima amelazimika kwa miongo kadhaa kuuza mazao kwa chombo cha serikali kilichompangia bei na mara nyingi kuchelewa kumlipa. Wala havielezi kwa nini ruhusa ya biashara ndogo hutolewa, hubanwa, kisha hutolewa tena.

Wasomaji wa Tanzania wenye umri wa kutosha hawahitaji mfasiri katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wao pia walipanga foleni za sukari, sabuni na khanga katika maduka ya ushirika, na walisikia lawama zikielekezwa kwa vita vya Uganda, bei ya mafuta, ukame na walanguzi. Sababu hizo zilikuwa za kweli, lakini uongozi ulikubali hatimaye kwamba mfumo wenyewe wa kugawa bidhaa ulikuwa sehemu ya tatizo, na kuanzia 1984 biashara ikaanza kulegezwa. Tofauti ni kwamba Tanzania haikuwa na jirani mkubwa aliyeifungia milango. Cuba iko kilomita zipatazo 145 kutoka Florida, na jirani huyo ndiye anayeiwekea vikwazo, ndiye anayeiuzia kuku, na ndiye anayewapokea watoto wake.

Wanaoondoka na wanaobaki

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Wacuba milioni 11.2. Mwishoni mwa 2024 ofisi ya taifa ya takwimu ilitaja watu milioni 9.75. Katika miaka miwili ya kifedha ya Marekani, 2022 na 2023, maofisa wa mipaka ya nchi hiyo waliwakuta Wacuba zaidi ya 420,000, wengi wao wakiwa wamepitia Nicaragua, ambayo iliwaondolea viza Novemba 2021. Wanaoondoka ni vijana na wenye ujuzi. Mmoja kati ya kila Wacuba wanne sasa ana umri wa miaka 60 au zaidi.

Sekta inayoonyesha vizuri zaidi hasara hiyo ni ile iliyokuwa fahari ya nchi. Vifo vya watoto wachanga, ambavyo mwaka 2018 vilikuwa vipatavyo vinne kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, vilifika 7.1 mwaka 2024. Kiwango hicho bado ni afadhali kuliko cha mataifa mengi, lakini mwelekeo umegeuka. Maelfu ya madaktari wameacha kazi au kuhama, na wagonjwa huombwa waje hospitalini na sindano, mashuka, hata balbu zao.

Afrika Mashariki inawafahamu madaktari hao. Uhusiano wenyewe ulianza kwa bunduki: mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Congo akitumia jina la vita la Kiswahili, Tatu, na jaribio lake liliposhindwa alijificha katika ubalozi wa Cuba mjini Dar es Salaam akiandika kumbukumbu zake. Waliofuata walikuja kutibu na kufundisha. Zanzibar ilishirikiana na chuo cha tiba cha Matanzas kuwafunza madaktari wake visiwani humohumo. Kenya iliwapokea madaktari 100 wa Cuba mwaka 2018. Wawili kati yao walitekwa Mandera Aprili 2019, na Februari 2024 kundi la al-Shabaab lilidai kwamba waliuawa katika shambulio la anga la Marekani nchini Somalia. Nairobi ilikuwa imekwishatangaza mwaka 2023 kwamba haitaendeleza mkataba huo.

Kwa Havana, huduma hizo ni chanzo kikuu cha fedha za kigeni, na sehemu kubwa ya malipo hubaki serikalini. Marekani inaita mpango huo kazi ya kulazimishwa, na Februari 2025 ilitangaza kuwanyima viza maofisa wa nchi nyingine wanaoushiriki. Majirani wa Karibiani walijibu kwa ukali usio wa kawaida. Waziri Mkuu wa Barbados, Mia Mottley, alisema yuko tayari kupoteza viza yake ya Marekani kuliko kukana mchango wa wauguzi wa Cuba. Mcuba anayesubiri daktari Centro Habana anaweza kuona fahari kusikia hayo, na bado akajiuliza daktari wake yuko nchi gani.

Ombaomba ambao hawakupaswa kuwepo

Julai 2025, Waziri wa Kazi wa Cuba, Marta Elena Feitó, aliliambia bunge kwamba nchini humo hakuna ombaomba, bali watu waliojigeuza kuwa ombaomba. Wacuba walikuwa wakimsikiliza. Intaneti ya simu, iliyofika mwaka 2018, imewapa uwezo wa kusambaza picha za wazee wanaopekua mapipa ya taka, na majibu yalikuja kwa maelfu. Siku iliyofuata waziri alijiuzulu, na Rais Miguel Díaz-Canel mwenyewe alikosoa hadharani mtazamo huo.

Tukio hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kuanguka kwa waziri mmoja. Uhalali wa dola ya Cuba haujawahi kutokana na uchaguzi wa vyama vingi. Umetokana na dai kwamba hakuna anayeachwa nyuma. Waziri alipolazimika kuondoka kwa kukana kuwepo kwa walioachwa, serikali ilikiri kimyakimya kwamba wapo. Baada ya kukiri huko, kuna njia chache, na hakuna iliyo rahisi. Kuwaachia wakulima na wafanyabiashara uhuru zaidi kutaongeza chakula na kuongeza pia tofauti ya kipato. Kuendelea kutegemea maduka ya dola kutaingiza fedha na kuwafungia nje wasio nazo. Kusubiri vikwazo viondolewe ni kuuweka mustakabali wa nchi mikononi mwa Washington.

Serikali ilichagua kuanza na wazee. Septemba 2025 kima cha chini cha pensheni kilipandishwa maradufu, kutoka peso 1,528 hadi peso 3,056, hatua iliyowafikia zaidi ya watu milioni moja. Nyongeza hiyo ilipoanza kulipwa, pensheni ya mwezi mzima ilitosha kununua trei moja ya mayai.